Jumba Bovu Lilimwangukia Tanya Roberts

Tarehe 3 Januari 2021 dunia ilitangaziwa kwamba Tanya Roberts amefariki. Habari ilitoka kwa msemaji wake mwenyewe, kwa hivyo hakuna aliyeuliza swali la pili. Magazeti makubwa ya Marekani yakatoa tanzia na mastaa wakaandika rambirambi. Kesho yake, mpenzi wake alikuwa ameketi mbele ya kamera akihojiwa na kipindi cha runinga kuhusu msiba wake. Simu ikalia. Ilikuwa hospitali. Mgonjwa yuko hai. Jamaa akaangua kilio papo hapo, kamera bado zinarekodi.

Basi tanzia zikaanza kufutwa moja moja. Halafu usiku wa siku hiyo hiyo, tarehe 4, Tanya akafa kweli. Haikuwa korona. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo yaliyoingia mpaka kwenye damu.

Wasee wengi wa rika langu walimjua wiki hiyo, na walimjua kama kichekesho: yule mama aliyekufa mara mbili. Utani ukazunguka kila mahali, watu wakacheka, watu wakasahau. Mimi bado nina kitu cha kusema. Huyu dada hakuzikwa mapema mara ya kwanza 2021. Alizikwa mapema 1984, na kaburi lenyewe lilichimbwa hapa kwetu Kenya, mbele ya watu wetu, kwenye filamu ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia.

Hebu tuanze mwanzo.

Victoria wa Bronx

Jina lake la kuzaliwa ni Victoria Leigh Blum, msichana wa Bronx, New York. Bronx si mtaa wa watoto wa mabwanyenye. Akiwa na miaka 15 aliacha shule. Baadaye akakutana na Barry Roberts, mwanafunzi wa saikolojia, na kwa stori inayojulikana, yeye Tanya ndiye aliyemposa Barry, kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi. Walioana 1974. Barry akaja kuwa mwandishi wa skripti, na walikaa pamoja mpaka kifo kikawatenganisha. Kwa watu wa Hollywood, hiyo peke yake ni habari.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa uanamitindo. Alitangaza dawa ya meno ya Ultra Brite, bidhaa za nywele za Clairol, dawa ya maumivu ya kichwa ya Excedrin. Unajua ile sura ya tangazo: meno, nywele, tabasamu, sekunde 30, umelipwa, umeenda nyumbani.

Lakini sikiza hii, kwa sababu waliomcheka hawaitaji kamwe. Huyu dada alisoma kuigiza. Alifundishwa na Lee Strasberg na Uta Hagen, na katika uigizaji wa Marekani walimu hao wawili ni kama kusema ulifundishwa mpira na makocha walioandika kitabu cha mpira. Alikuwa anauza sura mchana ili aweze kujifunza ufundi. Kama wewe unapiga picha za maduka ya nguo ili ulipe karo ya chuo, hiyo hesabu unaielewa bila kuelezewa.

Filamu za daraja B ni nini hasa

Zamani, miaka ya 1930 na 1940, ukilipa tikiti Marekani ulionyeshwa filamu mbili. Ya kwanza ilikuwa na mastaa na pesa. Ya pili ilikuwa fupi, ya bei rahisi, ya kujazia muda. Hiyo ya pili ndiyo iliitwa B. Mpango wa filamu mbili ukaisha, jina likabaki, na siku hizi tunaita daraja B filamu yoyote iliyotengenezwa kwa chapaa kidogo na haraka nyingi: majini, mauaji, panga, nguo chache.

Kenya tunazijua hizi filamu kuliko tunavyokubali. Nenda kibanda chochote cha video mtaani ambapo DJ Afro ananguruma juu ya picha. Zile filamu si zile zilizoshinda Oscar. Ni zile ambazo mwenyewe Hollywood amezisahau, lakini sisi tukazipa maisha ya pili. Ndiyo maana nasema usidharau daraja B. Ina kiingilio chake kidogo lakini ina mashabiki sugu, wale wa kuitazama mara 30 na bado wanacheka mahali pale pale.

Tanya aliingia kwa mlango huo. Filamu yake ya kwanza ilikuwa Forced Entry, 1975. Mwaka 1979 akawa kwenye Tourist Trap, filamu ya kuogofya kuhusu vijana wanaokwama kwenye jumba la maonyesho kando ya barabara, na masanamu ya dukani yanaanza kuwawinda. Haikuuza sana ilipotoka. Lakini Stephen King, baba wa hadithi za kuogofya, aliisifu kwenye kitabu, na hadi leo wapenzi wa filamu hizo wanaitafuta.

Malaika wa mwisho na filamu ya saa nane usiku

Mwaka 1980 mlango mkubwa ukafunguka. Charlie's Angels ilikuwa mojawapo ya vipindi maarufu kabisa vya runinga Marekani tangu 1976. Ni ile stori ya wapelelezi watatu warembo ambayo wewe pengine unaijua kwa filamu ya 2000 ya Drew Barrymore na wenzake. Mmoja wa malaika, Shelley Hack, aliondoka. Wakatafuta wa kuziba pengo, na Tanya akachaguliwa miongoni mwa wasichana karibu 2,000. Akawa Julie Rogers.

Shida ni kwamba kipindi kilikuwa tayari kinazama. Watazamaji walikuwa wamepungua kabla hajaingia. Msimu wake wa kwanza ukawa wa mwisho, na 1981 kikafungwa. Ni kama kusajiliwa na timu ikiwa imebaki mechi tano ishuke daraja, halafu mashabiki wanasema wewe ndiye uliyeishusha. Weka hiyo akilini, kwa sababu itarudi.

1982 akacheza The Beastmaster, filamu ya panga na uchawi ya Don Coscarelli, kuhusu jamaa anayeongea na wanyama. Tanya alikuwa Kiri, mtumwa wa hekaluni. Kwenye sinema haikuwa moto sana, lakini runinga za kulipia Marekani ziliionyesha tena na tena na tena, mpaka watu wakatania kwamba jina HBO linamaanisha filamu hiyo iko hewani saa hizi. Kizazi kizima cha watoto wa Marekani kilikua kikiitazama usiku wazazi wakiwa wamelala. Mwaka huo huo, kuitangaza filamu, alipiga picha za utupu za jarida la Playboy na kutokea kwenye jalada. Hapo wengine watasema alijichagulia njia. Sawa, alichagua. Lakini jiulize ni njia ngapi zilikuwa mezani, na nani aliyeziweka pale.

Miezi saba Kenya

Sasa tufike nyumbani.

Sheena ni mhusika wa vitabu vya katuni vya miaka ya 1930, kazi ya Will Eisner na Jerry Iger. Ni msichana mzungu aliyelelewa msituni Afrika na kuwa malkia wa pori. Kabla ya Wonder Woman kupata kitabu chenye jina lake, Sheena alishakuwa nacho, 1942. Miaka ya 1950 ikatengenezwa tamthilia ya runinga, na aliyeicheza alikuwa mwanamitindo pia, Irish McCalla. Ile Afrika yao ilipigwa picha Mexico. Naam, Mexico.

Kampuni ya Columbia ilipoamua kutengeneza filamu kubwa, ikasema safari hii tunaenda Afrika yenyewe. Wakaja Kenya. Mwongozaji alikuwa John Guillermin, si mtu mdogo: alikuwa ameongoza The Towering Inferno na King Kong ya 1976. Bajeti ilikuwa karibu dola milioni 25, pesa nyingi kwa wakati huo. Kwa hivyo tuelewane: Sheena ilikuwa na pesa za daraja A na akili za daraja B.

Walikaa hapa miezi saba. Tanya alipanda wanyama, akakimbia vichakani, akafanya kazi karibu na tembo na simba, karibu muda wote akiwa amevaa kipande cha ngozi. Yule punda milia anayempanda kwenye filamu ni farasi aliyepakwa rangi. Sitanii. Nchi imejaa punda milia, na filamu ya dola milioni 25 ikapaka farasi milia, kwa sababu punda milia hakubali kupandwa na mtu. Mimi nikitazama hiyo picha naona filamu yote hapo: Afrika halisi iko nyuma, na mbele kuna kitu kilichopakwa rangi kifanane na Afrika.

Nchi yenyewe kwenye filamu haiitwi Kenya. Inaitwa Tigora. Milima yetu, anga yetu, watu wetu, jina la kubuni. Watu wake wanaitwa Wazambouli. Na stori, ukiiondolea ngozi na nywele za dhahabu, ni hii: ndugu wa mfalme anataka kunyakua ardhi ya jamii kwa sababu chini yake kuna madini ya titaniamu. Mfalme anauawa, mganga mkuu wa jamii anasingiziwa, wanajeshi wanaingia. Hii ni stori ya unyakuzi wa ardhi, manze. Miaka 30 baadaye titaniamu ilikuwa ikisafirishwa kweli kutoka Kwale, na wakazi kule walijua vizuri maana ya kuhamishwa kupisha mgodi. Ndani ya ile filamu ya kuchekwa kulikuwa na swali letu kabisa. Lakini jibu lake likawa kwamba anayeokoa ardhi ya Waafrika ni binti wa wanajiolojia wa Marekani, anayebonyeza paji la uso kwa vidole na tembo wanakuja mbio.

Filamu ilitoka Agosti 1984 na ikaanguka kishindo. Mapato yake Marekani hayakufika dola milioni 6. Ikateuliwa mara tano kwa Razzie, zile tuzo za kejeli wanazopewa waliofanya vibaya, na mojawapo ilikuwa ya mwigizaji mbaya zaidi wa kike. Mwongozaji na skripti pia waliteuliwa, tusidanganyane. Lakini ukimuuliza mtu leo Sheena ilikuwa mbovu kwa nini, hatakutajia mwongozaji. Hatakutajia walioandika skripti. Atakutajia yule msichana wa kwenye bango.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Tanya hakuandika Tigora. Hakuchagua farasi apakwe rangi. Hakuamua avae nini wala avue lini. Lakini sura iliyokuwa kwenye bango ni yake, na jumba bovu likamwangukia yeye.

Mganga alikuwa nani

Kuna mwanamke wa pili kwenye hii stori, na ndiye aliyenifanya nikae chini niandike.

Yule mganga anayemlea Sheena, anayesingiziwa mauaji ya mfalme, anayekufa filamu ikiendelea bila yeye, alichezwa na Elizabeth wa Toro. Ukiona jina hilo kwenye orodha ya waigizaji unaweza kulipita. Usilipite.

Elizabeth Bagaaya ni binti wa mfalme wa Toro, magharibi mwa Uganda, aliyezaliwa 1936. Alisoma Cambridge. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili wa mahakama kuu za Uingereza. 1967 serikali ya Obote ikafuta falme za Uganda, pamoja na ya kwao. Akageukia uanamitindo, London kisha New York, akatokea Vogue na kwenye jalada la Harper's Bazaar, wakati ambapo sura nyeusi kwenye jalada la jarida kama hilo ilikuwa karibu haijaonekana. 1971 akawa nyota wa filamu iliyotokana na riwaya za Chinua Achebe. Halafu Idi Amin akamfanya balozi, na Februari 1974 akamfanya waziri wa mambo ya nje wa Uganda. Waziri. Wa mambo ya nje. Kabla mwaka haujaisha Amin akamfuta kazi na kumzushia kashfa ya aibu hadharani. Magazeti ya Ulaya yaliyoirudia aliyashtaki na akashinda. Lakini ilibidi akimbie nchi yake, na 1975 alivuka mpaka akaingia wapi? Kenya.

Sasa fikiria. Mwanamke huyu, wakili, mwanamitindo, waziri wa zamani, anakuja kupigwa filamu katika nchi ileile iliyompa kimbilio, na kazi anayopewa ni mganga wa kijiji cha kubuni, ambaye kusudi lake kwenye stori ni kumlea msichana mzungu awe malkia kisha afe.

Waliweka wanamitindo wawili kwenye filamu moja. Mmoja alikuwa na ukoo wa kifalme wa kweli, wa damu, kutoka Afrika hii hii. Taji wakampa yule wa Bronx. Halafu yule wa Bronx ndiye aliyebebeshwa lawama taji lilipoonekana la bandia. Kwa maoni yangu, wote wawili waliibiwa kwenye dili moja. Elizabeth alinyimwa nafasi, Tanya akapewa nafasi iliyooza.

Na msiseme ni Sheena tu kwa sababu ilikuwa ya kipuzi. Mwaka uliofuata, 1985, Out of Africa ilipigwa picha hapa hapa, ikabeba Oscar 7 na kila mtu akapiga makofi. Iman alikuwemo, mwanamitindo Msomali aliyegunduliwa hapa Nairobi 1975 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alipewa nafasi ndogo sana, pembeni. Hadithi tena ilikuwa ya mwanamke mzungu na Afrika yake. Tofauti ni kwamba moja ilikuwa na muziki wa heshima na nguo nzuri, nyingine ilikuwa na farasi mwenye milia. Sheena angalau haikujificha.

Baada ya mazishi

Kabla vumbi la Sheena halijatulia, Tanya alikuwa ameingia filamu nyingine kubwa: James Bond. Mtayarishaji Cubby Broccoli alimpenda alipomwona kwenye The Beastmaster, akamfanya Stacey Sutton kwenye A View to a Kill, 1985. Ilikuwa Bond ya mwisho ya Roger Moore. Hapa nitakuwa mkweli: Tanya hang'ari humo. Stacey ameandikwa kuwa mwanajiolojia, lakini skripti inampa kazi ya kupiga mayowe na kuita jina la James. Kando yake yuko Grace Jones kama May Day, mwanamitindo mwingine tena, ambaye hana maneno mengi lakini amepewa nguvu, na anaiba filamu yote. Kuna wakati mwigizaji dhaifu na nafasi dhaifu hukutana, na hiyo ilikuwa siku yake. Razzie ikamteua tena.

Lakini angalia watu wa bei tofauti wanavyosamehewa. Guillermin alirudi kuongoza King Kong nyingine, 1986. Mastaa wa kiume walioanguka miaka hiyo walipewa nafasi ya pili, ya tatu, ya tano. Tanya alipewa nini? Video. Zile filamu zisizofika sinema, zinazoenda moja kwa moja kwenye kaseti: Purgatory 1988, Night Eyes 1990, Inner Sanctum 1991, Sins of Desire 1993. Filamu za mapenzi na visu, taa hafifu, saksafoni, bafu. Zilipigwa picha haraka, zikakodishwa sana, na hakuna aliyekiri kuzikodisha.

Wengine husema hapo ndipo alipoanguka. Mimi nakataa. Mwanamke ambaye Hollywood ilimtangaza amekwisha alifanya kazi miaka kumi mfululizo, akiwa na jina lake juu ya kaseti, kwa sababu jina hilo lilikuwa linauza. Ukiwa fundi na ukafukuzwa kwenye jengo la ghorofa 20, ukaenda kujenga nyumba za vyumba viwili mtaani na wateja wanapanga foleni, wewe bado ni fundi. Soko la daraja B halikumhurumia, lakini halikumdanganya pia. Lilimwambia tunataka hiki, bei ni hii, na kesho kuna kazi nyingine.

Halafu 1998 ikaja That '70s Show, na hapa wengine wenu mtasema kumbe ni yule! Ndiyo. Midge, mama yake Donna, yule mrembo anayeonekana kama haelewi kitu halafu ghafla anasema jambo linalonyamazisha sebule. Kwa mara ya kwanza alipewa kazi ambayo utani haukuwa juu yake. Alikuwa ndani ya utani, ameushika usukani. Ukimtazama Midge unamwona mtu anayejua vizuri sana dunia inavyomwangalia mwanamke wa sura hiyo, na anaucheza huo mtazamo kama ala. Waulize wanaofanya vichekesho mtandaoni: kucheza mjinga bila kuwa mjinga ni kazi ngumu kuliko kulia mbele ya kamera. Strasberg hakupoteza muda wake.

Aliondoka 2001, si kwa kufukuzwa. Barry alikuwa mgonjwa sana, na yeye akaenda nyumbani kumuuguza. Alirudi kwa vipindi vichache 2004. Barry alifariki 2006. Miaka ya mwisho alikuwa akiingia Facebook moja kwa moja kutoka nyumbani na kupiga stori na mashabiki, wale wale waliokua na kaseti zake. Usiku wa kuamkia Krismasi 2020 alianguka nyumbani baada ya kutembeza mbwa wake. Yaliyofuata mnayajua.

Sisi tunahusika vipi

Nawaandikia nyinyi ambao sura zenu ni kazi, au mnataka ziwe kazi. Msichana anayepiga picha za bidhaa kule Westlands, kijana anayecheza dansi mtandaoni kutoka Kayole, dada ambaye ameitwa kwenye tangazo na akaambiwa hatahitaji kuongea, asimame tu pale. Kuna siku mtapewa kazi ambayo skripti yake ni mbovu. Mtaichukua, kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri ubora. Mimi sitawahukumu kwa hilo.

Nawaomba vitu viwili tu. Cha kwanza, mkiona kazi ya mwenzenu imeanguka na watu wanamrarua mtandaoni, tafuteni jina la aliyeandika, aliyeongoza na aliyelipa kabla hamjaongeza jiwe lenu. Mara nyingi sura iliyo kwenye bango ndiyo yenye uamuzi mdogo kuliko wote.

Cha pili ni chetu kama Wakenya. Kupiga filamu kwa miezi saba si kazi ya waigizaji watano. Kuna aliyeendesha lori, aliyepika, aliyeshona, aliyesimama juani siku nzima akiwa Mzambouli. Watu hao walikuwa vijana 1983. Leo ni wazee, wako Nanyuki, wako Naivasha, wako Buruburu, na hakuna anayewauliza. Tunajua farasi alipakwa rangi. Hatujui jina la aliyeshika brashi.

Kwa hivyo wikendi hii itazameni Sheena. Mtacheka, lazima mcheke, mimi pia nacheka. Lakini mganga akitokea, nyamazeni kidogo, mwangalieni yule mama usoni na mkumbuke amewahi kukaa wapi. Na malkia akipita juu ya farasi wake wa milia, mkumbuke ni Victoria kutoka Bronx, anafanya kazi. Halafu mpigie simu mzee yeyote wa ukoo wenu aliyewahi kufanya kazi na wageni wenye kamera miaka ile, mrekodi anachokumbuka. Msingoje mpaka tanzia iandikwe.